Gawio la asilimia 12 linatoka wapi? Majibu kwa wasomaji wetu walioko Kanada

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Kanada, na nyingi zinauliza jambo moja: nitapata wapi mfuko unaolipa vizuri kila mwezi? Mnaulizia mifuko ya uwekezaji inayouzwa vipande vyake kwenye soko la hisa, ile mnayoiita ETF. Mko mahali pazuri pa kuuliza. Mfuko wa kwanza wa aina hiyo kufanikiwa duniani ulianza kuuzwa Toronto mwezi Machi 1990, na leo orodha ya soko hilo ina mifuko mingi kupita kiasi. Kuchagua ndiyo kazi.

Swali: Ndugu wahariri, nina dola 40,000 nilizojiwekea kwa miaka sita ya kazi ya ghala. Rafiki amenionyesha mfuko unaolipa asilimia 12 kwa mwaka, na pesa inaingia kila mwezi. Hiyo ni dola 400 za kodi ya nyumba bila jasho. Mke wangu ana wasiwasi. Mnasemaje? *Msomaji, Edmonton*

Jibu: Mkeo ameona mbali, ndugu yetu. Kuna kiasi ambacho mfuko unakulipa, na kuna kiasi ambacho mali iliyomo ndani yake inazalisha. Hayo ni mambo mawili tofauti. Asilimia 12 uliyoonyeshwa ni la kwanza tu: wanachukua malipo ya mwezi wa mwisho, wanazidisha mara 12, wanagawa kwa bei ya kipande. Hesabu hiyo haikwambii pesa imetoka wapi.

Tuseme mali iliyomo inazalisha asilimia 7 kwa mwaka, gawio na ongezeko la bei vikijumlishwa. Unaanza na 40,000, zinazaliwa 2,800, unalipwa 4,800. Mwisho wa mwaka umebaki na 38,000, kwa sababu 2,000 zilizozidi zimekatwa kwenye mwili wa mfuko wenyewe. Endelea hivyo miaka kumi, kila mwaka ukilipwa asilimia 12 ya kilichobaki, na utakuwa na takriban dola 23,950. Malipo ya mwezi yatakuwa yameshuka hadi kama dola 240, wakati kodi ya nyumba yako haikushuka hata senti.

Mifuko mingi ya namna hii hupata malipo yake makubwa kwa kuuza haki ya kununua hisa zake. Inafanya kazi hivi: mfuko una hisa ya dola 100. Unamwuzia mtu mwingine haki ya kuinunua kwa dola 103 ndani ya mwezi mmoja, naye analipa dola 1 kwa haki hiyo. Hisa ikipanda hadi 110, mfuko unapata 103 na ile 1, basi. Dola 6 zimekwenda kwa mnunuzi. Hisa ikishuka hadi 85, mfuko umebaki na 85 na ile dola yake 1. Kupanda kumewekewa dari, kushuka hakuna sakafu. Ndiyo maana soko likianguka kisha likainuka haraka, mifuko hii huanguka pamoja na wenzake lakini haiinuki nao.

Mfano ulio karibu ni mifuko miwili ya benki ya BMO. ZEB inashika benki sita kubwa za Kanada kwa uzito sawa, na ada yake ya mwaka ni takriban asilimia 0.28. ZWB inashika benki hizohizo, inauza haki juu ya takriban nusu ya hisa zake, na inatoza karibu asilimia 0.7. ZWB inalipa zaidi kila mwezi. Ukichukua muda mrefu wenye kupanda kwa soko na ukajumlisha gawio pamoja na bei, ZEB ndiyo inayokuacha na zaidi.

Kabla hujanunua, fungua ukurasa wa mfuko huo na uangalie mambo matatu. La kwanza ni grafu ya bei ya kipande tangu mfuko uanze. Kama imekuwa ikiteremka miaka ambayo soko limepanda, unalipwa kwa pesa yako mwenyewe. La pili ni faida ya jumla kwa miaka 5 au 10, ilinganishwe na mfuko wa kawaida wenye hisa za aina hiyohiyo. La tatu ni jedwali la mchanganuo wa malipo kwa ajili ya kodi, ambalo huonyesha senti ngapi zilikuwa gawio, ngapi faida ya mtaji, na ngapi ni mtaji uliorudishwa. Pia isome ile hati fupi ya lazima iitwayo ETF Facts. Utakuta humo ada zote, pamoja na miezi mitatu mibaya kuliko yote ambayo mfuko umewahi kupitia. Jiulize kama ungeivumilia.

Asilimia kubwa ya gawio mara nyingi ni dalili ya soko kuogopa. Hisa za kampuni ya simu BCE zilifika kuonyesha gawio la zaidi ya asilimia 12 mapema mwaka 2025, si kwa sababu kampuni ilikuwa karimu, bali kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka. Mwezi Mei gawio likakatwa kutoka dola 3.99 kwa mwaka hadi 1.75. Suncor nayo ilikata lake kwa asilimia 55 mwaka 2020.

Sasa swali letu kwako: bado uko kazini, mshahara unaingia, je, kweli unahitaji dola 400 hizo mwezi huu? Kama huhitaji, nunua mfuko mpana na uache gawio linunue vipande vingine. Kama unahitaji kipato, kuna mifuko ya gawio isiyo na ujanja ndani yake. XEI huweka kikomo cha asilimia 5 kwa kampuni moja na asilimia 30 kwa sekta moja, hulipa kila mwezi, na ada yake ni karibu asilimia 0.22. VDY ina ada kama hiyo, ila zaidi ya nusu yake ni benki na bima. Kwa kupanga matumizi, asilimia 4 ya mtaji kwa mwaka ni kipimo cha busara zaidi: kwa 40,000 ni dola 1,600, yaani kama 133 kwa mwezi. Tunajua si 400. Lakini hizo 133 zina nafasi nzuri ya kuwa bado zipo mtoto wako akimaliza shule.

Swali: Nina XIU, XIC, VDY na ZWB, kila mmoja robo. Nilidhani nimetawanya vizuri, lakini siku benki zikishuka, zote nne zinashuka pamoja. Nimekosea wapi? *Msomaji, Mississauga*

Jibu: Umenunua wali mmoja kwenye sahani nne, dada. XIU ni kampuni 60 kubwa za Kanada. XIC ni zaidi ya kampuni 200, ila zile 60 ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito wake. VDY inachuja humohumo zenye gawio kubwa, na ZWB ni benki tupu. Benki zilezile sita zimo kwenye mifuko yote minne.

Soko la Kanada ni kama asilimia 3 tu ya thamani ya masoko ya hisa duniani, na ndani yake fedha, nishati na madini vimejaa. Kampuni za dawa ni chache mno. Wakanada wenyewe walifundishwa somo hili kwa uchungu. Mwaka 2000 kampuni moja ya mawasiliano, Nortel, ilifika zaidi ya theluthi moja ya fahirisi nzima ya Toronto, yaani kipimo cha bei za hisa za soko hilo. Januari 2009 iliomba kinga ya kufilisika. Fahirisi ambayo XIC inafuata leo hairuhusu kampuni moja kupita asilimia 10 kila inapopangwa upya.

Dawa ni rahisi kuliko unavyodhani. Kuna mifuko inayobeba mifuko mingine ndani yake na kujipanga upya yenyewe. XEQT ni hisa tupu: takriban asilimia 45 Marekani, 25 Kanada, 25 nchi nyingine zilizoendelea na 5 masoko yanayoinukia. Ada ni karibu asilimia 0.20. Ukitaka hatifungani (mikopo kwa serikali na kampuni) ndani, XGRO na VGRO zina hisa 80 kwa hatifungani 20, na XBAL na VBAL ni 60 kwa 40. Mmoja kati ya hao ukiuchukua peke yake, umemaliza. Kuongeza wa pili juu yake huwa kunarudisha tatizo lilelile uliloandikia barua.

Ukipenda kubaki na kionjo cha gawio la nyumbani, shika mfuko mpana kama XAW, ambao una dunia nzima isipokuwa Kanada, kwa asilimia 70 hadi 75, na XIC au XEI kwa kilichobaki. Chagua mmoja kati ya hiyo miwili.

Neno kuhusu hatifungani, maana wengi waliumizwa. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kanada ilipandisha riba kutoka asilimia 0.25 hadi 4.25, na mifuko mipana ya hatifungani kama ZAG na VAB ikashuka kwa zaidi ya asilimia 11. Hesabu yake inajulikana: mfuko ambao kipimo chake cha mwitikio kwa riba (duration) ni miaka 7 hushuka kama asilimia 7 kwa kila asilimia 1 inayopanda ya riba ya hatifungani sokoni, ambayo si lazima ipande sawa na ya Benki Kuu, na hupanda hivyohivyo riba ikishuka. Pesa utakayoihitaji ndani ya miaka miwili haina kazi kwenye ZAG. Kwa hiyo tumia mfuko wa hatifungani za muda mfupi kama XSB, au wa akiba za benki kama CASH.

Swali: Nilifika Kanada Juni 2023 kama mkazi wa kudumu. Mfanyakazi mwenzangu aliniambia TFSA, ile akaunti ya akiba isiyotozwa kodi, inaruhusu zaidi ya dola 100,000, nikaweka 37,500. Sasa naambiwa nimevunja sheria. Na je, mfuko wa hisa za Marekani niuweke TFSA au RRSP, ile akaunti ya akiba ya uzeeni? *Msomaji, Winnipeg*

Jibu: Mwenzako anazungumzia mtu aliyekuwa mkazi wa Kanada na mwenye umri wa miaka 18 tangu akaunti hizi zianze mwaka 2009. Mtu huyo mwaka 2026 amefikisha nafasi, yaani jumla anayoruhusiwa kuweka, ya dola 109,000. Nafasi yako ilianza mwaka ulipokuwa mkazi wa kikodi: 6,500 ya 2023, kisha 7,000 kwa kila mwaka wa 2024, 2025 na 2026. Jumla ni 27,500. Mwaka wa kwanza huhesabiwa wote hata ukifika Desemba.

Umezidisha 10,000, na adhabu ni asilimia 1 kwa mwezi, yaani dola 100 kila mwezi zikiwa bado humo. Zitoe leo, usingoje barua ya Mamlaka ya Mapato. Jaza fomu RC243 kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata, kisha andika barua ya kuomba usamehewe adhabu, ukieleza kosa lilivyotokea na kuambatanisha uthibitisho wa tarehe uliyotoa. Mamlaka ina uwezo wa kusamehe makosa ya nia njema yaliyorekebishwa haraka. Usitegemee tu tarakimu ya nafasi iliyoko kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya Mamlaka, kwa kuwa huchelewa kupokea taarifa za benki. Tunza daftari lako. Na kiasi unachotoa TFSA kwa kawaida huongezwa kwenye nafasi yako Januari 1 ya mwaka unaofuata, si siku ileile. Wengi hunaswa hapo.

Kuhusu hisa za Marekani: Marekani inakata kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye gawio kabla halijakufikia. Ndani ya TFSA kodi hiyo imepotea, hairudi. Ndani ya RRSP, mkataba wa nchi hizi mbili unaisamehe, lakini kwa mfuko ulioandikishwa Marekani tu, kama VTI wenye hisa za soko zima la Marekani. Mfuko wa Toronto wenye hisa za Marekani, kama VFV, bado unakatwa hata ukiwa RRSP. Kwenye akaunti ya kawaida inakatwa, ila unaidai kama nafuu ya kodi ya nje unapojaza ritani.

Sasa usikimbilie kubadilisha dola. Dola 10,000 za mfuko wa S&P 500 (fahirisi ya kampuni kubwa za Marekani) zikilipa gawio la asilimia 1.3 ni dola 130, na zuio lake ni dola 19.50 kwa mwaka. Dalali akikutoza asilimia 1.5 kubadilisha dola za Kanada kuwa za Marekani, umelipa 150 siku moja, sawa na zaidi ya miaka saba ya kodi uliyoikimbia. Wenye RRSP kubwa hupita njia nyingine: hununua mfuko wa DLR, unaoshika dola za Marekani, kwa dola za Kanada, humwomba dalali auhamishe uwe DLR.U (mfuko uleule unaouzwa kwa dola za Marekani), kisha huuza kwa dola za Marekani. Gharama ni ndogo sana lakini huchukua siku kadhaa, na kila dalali ana utaratibu wake wa kuhamisha. Kwa akiba ya chini ya dola 100,000, sisi tungebaki na mfuko wa Toronto na kulala.

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, naishi Ottawa. Nataka kipato cha halali, lakini kila mfuko wa gawio wa Kanada naona benki tupu. Kuna njia? *Msomaji, Ottawa*

Jibu: Waalaikum salaam. Umeona sawasawa: VDY, XEI na ndugu zao huondoka, kwa ajili ya benki na bima. ZAG, CASH na mifuko mingine ya hatifungani na akiba ni riba moja kwa moja. Na ile ya kuuza haki za kununua hisa ina pingamizi lake: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba biashara ya haki hizo haijuzu. TFSA na RRSP zenyewe ni vyombo tu. Hukumu iko kwenye kilichomo.

Kwa dola za Kanada kuna WSHR, mfuko wa hisa za nchi zilizoendelea uliochujwa kwa vigezo vya sharia. Ulizinduliwa mwaka 2021 na ada ya usimamizi ni asilimia 0.50. Kwa dola za Marekani kuna SPUS na HLAL kwa hisa, na SPSK kwa sukuk (hati za uwekezaji zinazofuata sharia), ambayo inashika nafasi ya hatifungani. Jua kwamba benki zikitoka, uzito huhamia teknolojia na afya, kwa hiyo SPUS na HLAL huyumba zaidi pale kampuni za teknolojia zinapotikisika. Gawio lake pia ni dogo.

Basi kipato chako kitatokana na kuuza vipande. Mfano: una dola 60,000, panga kutoa asilimia 4, yaani 2,400 kwa mwaka, na uza vipande vya dola 600 kila robo mwaka. Wengi wanaona kuuza ni kula mbegu. Gawio nalo linapolipwa, bei ya kipande hupungua kwa kiasi hichohicho asubuhi ya tarehe ya kutenganishwa gawio (siku ambayo anayenunua hapati tena gawio hilo), kwa hiyo mkono wa mwekezaji unabaki na kitu kilekile. Kumbuka kutakasa: waendeshaji wa mifuko hii hutoa asilimia ya mapato yasiyofaa, nawe unazidisha kwa gawio ulilopokea na kukitoa kiasi hicho kama hisani. Kwa mambo ya mashaka, muulize shehe anayeielewa fedha.

Swali: Niliweka oda saa 1:30 asubuhi soko lilipofunguka, nikanunua senti 40 juu ya bei niliyoiona. Nimeibiwa? *Msomaji, Calgary*

Jibu: Hujaibiwa, umetumia oda ya bei yoyote wakati mbaya. Dakika 15 za kwanza wauzaji hawajapanga bei zao, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa pana. Subiri. Soko la Toronto hufunguliwa saa 3:30 asubuhi hadi saa 10 jioni kwa saa za huko, na kwa Calgary toa saa mbili. Weka oda yenye kikomo cha bei, senti 1 juu ya bei ya muuzaji, ya siku hiyo tu. Usinunue mfuko wenye hisa za Marekani siku ambayo New York imefungwa na Toronto imefunguliwa, kwa kuwa aliyepanga bei anakisia, na kukisia huko unakulipia wewe. Na usiharakishe kununua siku moja kabla ya tarehe ya kutenganishwa gawio ili ulipate. Bei itashuka na, kwenye akaunti ya kawaida, utakuwa umejiletea kodi.

Swali: Nina vipande vya mifuko ya UTT AMIS ya Tanzania na nyumba ya kupangisha Tanga, na hapa Kanada nina XEQT. Je, natakiwa kujaza fomu T1135, ile ya kutangaza mali ya nje? *Msomaji, Vancouver*

Jibu: Inajazwa kama mali ya nje iliyokugharimu zaidi ya dola za Kanada 100,000 kwa jumla, wakati wowote wa mwaka. Vipande vya UTT vinahesabiwa, na nyumba ya kupangisha pia. Nyumba unayoitumia mwenyewe na familia haihesabiwi. XEQT haihesabiwi, ingawa imejaa hisa za nje, kwa kuwa ni mfuko wa Kanada. VTI kwenye akaunti ya kawaida inahesabiwa, na kilichoko ndani ya RRSP na TFSA hakihesabiwi. Kwa mgeni, gharama ya mali ni thamani yake sokoni siku aliyokuwa mkazi wa kikodi, hivyo tafuta hati ya tathmini ya nyumba ya Tanga sasa, siku ungali unaweza kuipata. Mwaka wa kwanza wa ukazi umesamehewa. Kuchelewa ni dola 25 kwa siku, hadi 2,500.

Na uandike gharama ya vipande vyako vya XEQT kama viko kwenye akaunti ya kawaida. Mtaji uliorudishwa, kisanduku cha 42 cha karatasi ya kodi ya T3 unayopewa kwa ajili ya mfuko huo, unaipunguza gharama hiyo. Faida za Desemba zinazowekezwa tena bila wewe kuona pesa huiongeza. Ukizisahau hizo za Desemba, siku ya kuuza utalipa kodi mara mbili kwa faida ileile.